Miezi Mitatu, na Bado Anakojoa Nyuma ya Kochi

Msomaji anayekaa fleti ya ghorofa ya tatu anauliza: Chihuahua wake wa miezi mitatu anatolewa asubuhi, mchana na jioni, mbona kila siku kuna mkojo nyuma ya kochi? Jibu liko kwenye hizo mara tatu.

Kibofu cha mbwa wa aina ndogo, awe Chihuahua, Maltese au Yorkshire Terrier, hakibani muda mrefu. Akiwa macho, mtoe kila saa moja. Mtoe pia papo hapo akiamka, akiacha kucheza, na dakika 10 hadi 20 baada ya kula. Usiku amka mara moja au mbili. Na tafadhali usimpunguzie chakula ili asichafue! Sukari ya damu hushuka haraka kwa hawa wadogo. Wanatakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku.

Ambaye hajamaliza chanjo asishushwe kwenye nyasi za pamoja, maana virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara kunakoweza kuua watoto wa mbwa, hukaa ardhini miezi mingi. Mwekee kwenye baraza beseni pana, fupi, lenye nyasi za kweli. Akizoea kukojolea kitambaa, zulia nalo atalihesabu kitambaa. Mbebe mpaka kwenye beseni, simama kimya, na akimaliza tu mpe kipande cha kuku wa kuchemsha kisichozidi punje ya harage. Ukimpa mkisharudi sebuleni, ataelewa kwamba analipwa kwa kurudi sebuleni.

Sasa hilo kochi. Mkojo wake ni mchache, zulia linaunywa na wewe huoni kitu, ila pua yake inaujua. Usiku zima taa, umulike kwa tochi ya kukagulia noti: madoa yatang'aa, pengine mengi kuliko ulivyodhani. Mimina dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzymes, vinavyovunjavunja mkojo) mpaka ipenye chini ya zulia, uiache muda ulioandikwa kwenye chupa, ndipo ukaushe. Sabuni peke yake huacha chembe za asidi ya yuriki, na hewa ikiwa na unyevu harufu inarudi. Jik usiimwage juu ya mkojo, na usiichanganye na siki kamwe. Hewa inayotoka huchoma mapafu, yako na yake.

Usipoweza kumwangalia, akae kwenye kizimba kinachomtosha kusimama, kugeuka na kulala, basi. Kikizidi hapo, kona moja itakuwa choo. Ukiwa nyumbani, mfunge kamba ya mita mbili kiunoni mwako. Akianza kunusa sakafu huku akizunguka, mbebe.

Kumsugua pua kwenye mkojo ni kumtesa bure. Anachojifunza ni kujificha akojoe usipomwona, na nyuma ya kochi ndiko kunakofichika.

Akikojoa matone matone kila baada ya dakika chache, au ukiona damu, acha mafunzo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.