Risiva Iliyoandikwa 4K Iliniaibisha Mbele ya Wageni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kuuliza kama aiache risiva yake ya 4K (kifaa kinachopokea picha na sauti kutoka kwenye mashine nyingine, kisha kupeleka picha kwenye televisheni na sauti kwenye spika) anunue ya 8K, yaani ya picha yenye nukta nyingi zaidi, kwa kuwa televisheni yake mpya ina nembo hiyo. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, maana swali la namna hiyo mimi sikuliuliza nilipopaswa kuliuliza, nami nililipa gharama ya kutouliza.

Mwaka 2014 nilinunua risiva ambayo katoni yake ilikuwa na herufi kubwa za 4K. Niliwatambia wenzangu kwamba pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160 ni zaidi ya milioni 8, mara nne ya zile za 1080p, picha ya HD iliyozoeleka, nikazungumza kana kwamba nilizihesabu kwa vidole. Kwa miaka miwili hakuna aliyegundua kasoro yoyote, mimi nikiwamo, kwa sababu sikuwa na chombo chochote cha kuipima risiva ile. Mwaka 2016 deki za Ultra HD Blu-ray, zinazocheza diski za filamu za 4K, zilipoingia sokoni, nikanunua moja, nikaalika wageni, nikapanga viti na kuzima taa. Kilichotokea kwenye kioo ni ujumbe kwamba kifaa kilichounganishwa hakitambui ulinzi wa hakimiliki unaotakiwa, hivyo picha ingeshushwa hadi 1080p. Mgeni mmoja aliniuliza, kwa upole uliouma kuliko kejeli, kama hiyo ndiyo picha niliyowaitia.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba 4K ni kitu kimoja. HDMI ni waya na tundu vinavyopitisha picha na sauti kati ya vifaa; toleo lake la 2.0, lililotolewa mwaka 2013, liliongeza kasi hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na hiyo inatosha kupitisha 4K yenye fremu 60 kwa sekunde. Lakini HDCP 2.2, ule ulinzi wa hakimiliki, ni jambo tofauti kabisa, na kila kifaa kilichosimama kati ya deki na televisheni ni lazima kiufahamu. Risiva yangu ilikuwa na kasi, ulinzi haikuwa nao. Muuzaji aliniambia nisubiri sasisho la programu, nami nikasubiri kama mjinga, ilhali uwezo huo ulitakiwa uwemo ndani ya chipu tangu kiwandani. Sijamsamehe sawasawa.

Risiva ya pili niliinunua baada ya kusoma kijitabu chake chote kabla ya kulipa, na hilo najivunia hadi leo. Hata hivyo HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, haikuonekana kwa miezi miwili, kwa sababu matundu yake ya HDMI yalitoka kiwandani yakiwa katika hali ya kawaida, na ilibidi niingie kwenye menyu kuyapandisha moja baada ya jingine, kisha nifanye vivyo hivyo upande wa televisheni. Fungueni menyu, ndugu zangu! Watu wanalipia uwezo mkubwa na kuuacha umelala.

Sasa kuhusu hiyo 8K. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inafika hadi gigabiti 48 kwa sekunde, lakini jina la toleo halithibitishi kwamba tundu lako linafika huko: zipo risiva zinazoishia gigabiti 40, nyingine 24, na zipo zenye tundu moja tu la kuingiza 8K huku mengine yote yakibaki na uwezo wa zamani. Baadhi ya risiva za kwanza za mwaka 2020 zilitoa kioo cheusi zilipopewa 4K ya fremu 120 kutoka kwenye mashine mpya za michezo. Kwa hiyo usiulize kama risiva ni ya 8K. Uliza ni tundu lipi, na kwa gigabiti ngapi. Ahadi ya kukuza picha ya 1080p iwe 8K isikuvute hata kidogo, kwa kuwa televisheni yako huifanya kazi hiyo yenyewe, na hakuna mashine inayorudisha undani ambao kamera haikuunasa.

Msomaji wangu nilimjibu kwamba asinunue kitu kwanza. Kama televisheni yake na risiva yake zote zina eARC, uwezo wa tundu la HDMI kurudisha sauti kutoka televisheni hadi risiva, aunganishe deki na mashine ya michezo moja kwa moja kwenye televisheni, kisha sauti irudi kwenye risiva kwa waya mmoja. Njia hiyo hubeba hadi megabiti 37 kwa sekunde, na Dolby TrueHD, mfumo wa sauti bora ya filamu, hupita bila kupunguzwa. Achunguze tu kama televisheni yake inapitisha DTS, mfumo mwingine wa sauti, maana zipo zinazoikataa. Picha ikikatika-katika, abadilishe waya kabla ya kulaumu mashine, na atafute ule wenye lebo ya uthibitisho ya Ultra High Speed. Nimemwomba anipigie picha mgongo wa risiva yake. Akinitumia, nitamwelekeza tundu kwa tundu.