Mikongo miwili, mkasa mmoja: maswali yenu kuhusu njia za intaneti

Mei 2024 intaneti ilidorora Dar na hata Nairobi. Kwani mkongo ni mmoja tu?

Si mmoja. Tarehe 12 Mei mikongo miwili, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu wakati mmoja upande wa Durban, Afrika Kusini. Ruta kubwa, mashine zinazoelekeza data, hupashana habari za njia kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo BGP. Njia ikifa, hutangaziana zilizobaki na pakiti, yaani vipande vya data, zikageuzwa huko. Kilichopungua ni nafasi. Mkongo wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, ulikuwa mzima, lakini mzigo uliohamishwa ghafla ulikuwa mkubwa mno. Kwa hiyo mtoa huduma akijisifia wingi wa mikongo, muulize inapita wapi. Iliyolala jirani hukatika pamoja.

Watu wakizidi mtandaoni, nani anapanga foleni?

Kompyuta zenyewe, na hili hunipendeza kuliko yote. Mwaka 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, umbali usiofika hata nusu kilomita, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila mashine ilikuwa ikituma upya pakiti zilizopotea, ikizidi kuziba njia. Mtafiti wa maabara hiyo, Van Jacobson, na wenzake wakairekebisha TCP, itifaki ambayo kompyuta hutumia kutumiana pakiti: anza polepole, ongeza kidogo kidogo, pakiti ikipotea punguza mara moja. Simu yako inafanya hivyo hata sasa, bila askari wa kuongoza magari.

Mimi na mteja wangu tuko Nairobi. Data zetu zinafuata nini Ulaya?

Hakuna. Zamani zilikwenda nje kwa satelaiti kwa sababu kampuni za hapa hazikuwa zimeungana. KIXP, kituo cha kubadilishana data cha Kenya, ikazipa mahali pa kukutana Nairobi; Dar ina kituo kama hicho, TIX. Hakikisha mtoa huduma wako ameungana huko.

Ofisi yetu ina laini mbili za kampuni mbili. Tulale?

Bado. Nimewahi kuona laini mbili za namna hiyo zikikatwa na koleo moja la kuchimbia, maana zilipita mtaro mmoja. Omba ramani ya njia zote mbili. Kisha jioni moja, kazi zikiwa zimepungua, chomoa ya kwanza kwa mkono, uhesabu sekunde mpaka ya pili ishike.