Maswali ya Wasomaji: Kufungasha Programu za Tiba kwa Ajili ya Debian

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta katika hospitali moja mkoani Morogoro. Pamoja na wenzangu wawili tumeandika programu ndogo inayopokea picha za eksirei kutoka kwenye mashine, ikakagua kama jina na namba ya mgonjwa vimo, kisha ikazipeleka kwenye seva ya Orthanc, programu huria ya kuhifadhi picha za tiba. Msimbo wake ni huria. Hospitali nyingine zinapoiomba tunazitumia faili moja lililobanwa pamoja na maelekezo ya kurasa mbili, na kila mara usakinishaji hugoma mahali tofauti. Nimesikia kwamba programu yetu inaweza kuingizwa Debian, ule mfumo endeshi huria wa kompyuta. Kazi hiyo inahitaji nini, na itatusaidiaje?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, usakinishaji wenu hugoma kwa sababu kila seva mnayoikuta ina matoleo yake ya maktaba za programu, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ilhali maelekezo yenu yaliandikwa kwa kuangalia seva moja tu, ile ya kwenu. Kifurushi cha Debian, yaani programu iliyofungashwa tayari kwa kusakinishwa, hutaja chenyewe maktaba kinazozitegemea na matoleo yake, na mfumo huzileta zote kabla programu haijaanza kazi.

Bahati nzuri hamtaanza peke yenu. Mwaka 2002 Andreas Tille wa Ujerumani, ambaye mwaka 2024 alichaguliwa kuongoza mradi mzima wa Debian, alianzisha Debian Med, kundi linalofungasha programu za tiba na baiolojia. Orthanc yenyewe ni mfano ulio karibu nanyi, kwani ilizaliwa hospitalini: Sébastien Jodogne aliianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na ilitolewa mwaka 2012. Anayeijenga nyumbani kwake kutoka kwenye msimbo anaweza kuiacha ipakue yenyewe maktaba inazozihitaji na kuzimeza ndani yake. Debian hairuhusu hivyo: kifurushi hujengwa bila kugusa intaneti, kwa kutumia maktaba ambazo tayari zimo Debian, ikiwemo DCMTK ya taasisi ya OFFIS ya Oldenburg, inayosoma picha za DICOM, muundo wa kawaida wa faili za picha za tiba. Sharti hilo huonekana la usumbufu hadi siku kasoro ya usalama inapogunduliwa ndani ya DCMTK. Siku hiyo maktaba moja hurekebishwa na programu zote zinazoitegemea hupona, pasipo mtu kuzunguka kila hospitali akitafuta nakala zilizofichwa.

Kitakachowachosha zaidi ni leseni. Katika faili la debian/copyright mtataja mwenye haki na leseni ya kila sehemu ya msimbo, hata kipande cha mistari ishirini mlichokiokota kwingine. Programu nyingi za tiba hukwama hapa kwa sababu mwandishi wake, kwa nia njema, aliandika kwamba itumike kwa utafiti tu au isitumike kibiashara. Kipengele cha sita cha miongozo ya programu huria ya Debian, iliyopitishwa mwaka 1997, hakikubali leseni inayobagua aina ya kazi. Kama yenu ina sentensi ya namna hiyo, kubalianeni watatu wote kuiondoa kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kuna jambo moja ninalowasihi mlitazame leo hii, hata kama hamtaendelea na ufungashaji. Niliwahi kuombwa kupitia msimbo wa programu ya kliniki moja, nikakuta katika saraka ya majaribio picha za wagonjwa halisi, majina na tarehe za kuzaliwa vikiwa vimo. Faili la DICOM hubeba taarifa hizo ndani yake, na mara nyingine jina huwa limechapwa juu ya picha yenyewe, kiasi kwamba kufuta taarifa za ndani hakutoshi. Ghala la Debian hunakiliwa kwenye seva za nchi nyingi, na matoleo ya zamani huhifadhiwa kwa miaka. Picha ya mgonjwa ikishaingia humo haiwezi kurudishwa. Kagueni pia historia yote ya msimbo, kwa kuwa faili lililofutwa jana bado limo katika matoleo ya nyuma. Tengenezeni picha za bandia kwa programu, zenye majina ya kubuni, na mzitumie katika majaribio yatakayojiendesha kila maktaba inapobadilika: jaribio lianzishe Orthanc, litume picha moja kamili na nyingine isiyo na namba ya mgonjwa, kisha lihakikishe kwamba ya kwanza imepokelewa na ya pili imezuiwa. Angalieni vilevile kwamba kifurushi kinapoondolewa, picha zinazosubiri kutumwa hazifutwi pamoja nacho bila msimamizi kuulizwa.

Yaliyobaki ni utaratibu tu. Mtatangaza nia ya kufungasha ili mwingine asirudie kazi hiyo hiyo, mtakipitisha kifurushi kwenye lintian inayoonyesha makosa, mtamwomba mwanachama wa Debian awapakilie, kisha mtangoja kwenye foleni ya vifurushi vipya ambako leseni hukaguliwa tena.

SWALI: Nikikuta ndani ya Debian programu ya kusomea picha za CT, je, nichukulie kwamba imethibitishwa kwa uchunguzi wa wagonjwa?
— Daktari, Mombasa

JIBU: Hapana, daktari. Debian hukagua leseni na namna programu inavyosakinishwa, na huziba kasoro za usalama. Haipimi usahihi wa kitabibu, na leseni za programu huria kama GPL hutamka wazi kwamba hakuna dhamana. Kwa Kenya, vifaa tiba vinasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Hata programu ambayo mtengenezaji wake amepata kibali mahali fulani, kibali hicho huhusu toleo alilolijenga yeye, wala si lile lililojengwa upya na Debian kwa maktaba nyingine. Itumie kuhifadhi picha, kuzisafirisha na kufundishia. Ripoti ya mgonjwa iandikwe kutoka kwenye kituo chenye kibali.