Kabla hujalipia kozi ya LSAT

Vijana wetu wa huku Marekani wanaotaka kusomea sheria wakinipigia simu, swali huwa lile lile: kozi gani ya LSAT, yaani mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya sheria, ni nzuri? Mara nyingi wananitajia bei kabla sijajibu, na wengine wameshajaza namba ya kadi, wamebakiza kubonyeza tu. Huwa nawaomba wasubiri. Hela inayotoka hapo ni ya kubeba boksi na ya zamu za usiku za kutunza wazee, na matangazo ya kozi hizi yanajua sana kumtia mtu hofu.

Kwanza ujue unachokwenda kufanya. LSAT hutungwa na LSAC, baraza linalosimamia udahili wa vyuo vya sheria, na alama zake huanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024, ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu imeondolewa. Sasa kuna sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za kuchambua hoja, moja ya ufahamu, na moja isiyohesabiwa alama, ambayo inaweza kuwa ya hoja au ya ufahamu, wala huambiwi ni ipi. Kwa hiyo kitabu cha 2019 ulichorithi kwa kaka yako kina sehemu nzima ambayo hutaulizwa kamwe. Ukiona kozi ya bei poa bado inatangaza masomo ya mafumbo hayo, wenye nayo hawajaigusa siku nyingi. Achana nayo.

Kabla ya kulipa hata senti, fungua akaunti ya LawHub, mtandao wa LSAC wenyewe. Kuna mitihani halisi ya miaka iliyopita ambayo unaifanya bure. Fanya mmoja mzima, saa ikihesabu, simu ikiwa chumba kingine. Ukimaliza, usikimbilie majibu. Pumzika, halafu rudia maswali yale yale bila saa, taratibu, kisha ndipo usahihishe mara zote mbili.

Zoezi hili litakuambia mengi kuliko mshauri yeyote wa mauzo. Alama zikipanda sana ulipotoa saa, akili yako inaelewa. Kinachokukwamisha ni kasi. Hii ndiyo hali ya wengi wetu tuliokulia lugha ya nyumbani na Kiswahili, Kiingereza tukakikuta darasani. LSAC haikupi muda wa nyongeza kwa sababu ya lugha, na kozi yenye video nyingi za nadharia haitakuongezea mwendo wa kusoma. Wewe unahitaji mazoezi mengi ya kupimwa muda na kusoma makala ngumu kila siku, za sayansi, za sheria, za sanaa, hata zile zinazokuchosha. Hayo unaweza kuyafanya kwa gharama ndogo. Lakini alama zikibaki pale pale hata bila saa, hapo unahitaji mwalimu, na ni haki yako kumchagua.

Mwalimu humjui kwa alama alizopata yeye. Unamjua kwa anavyolishika kosa lako. Kozi nyingi zina darasa la majaribio la bure. Ingia ukiwa na swali ulilolikosa. Mimi niliingia mawili na swali la aina hii: duka limehamia barabara kuu, mauzo yakapanda, kwa hiyo barabara kuu ndiyo iliyoleta wateja. Ni jibu lipi linadhoofisha hoja hiyo? Jibu sahihi lilikuwa kwamba mwezi ule ule wa kuhama, duka lilipunguza bei. Mwalimu wa kwanza alilisoma jibu hilo, akasema linaleta sababu nyingine, akaendelea mbele. Wa pili aliuliza nani amechagua lile lililosema wakazi wengi wa mji hupita barabara kuu. Tulikuwa wengi. Akatuonyesha kwamba limetuvuta kwa kuwa lina maneno yale yale ya hoja, ilhali linaitilia hoja nguvu badala ya kuidhoofisha. Kisha akapitia na mengine matatu, moja moja, akieleza kila moja limetegwa kumnasa nani. Nililipia kwa huyo wa pili, na hadi leo ningelipia tena.

Kuhusu ile ahadi ya kurudishiwa pesa alama zisipopanda, soma masharti hadi mstari wa mwisho. Mara nyingi wanataka uwe umehudhuria vipindi vyote na kumaliza kazi zote. Mtu ambaye zamu zake hubadilika kila wiki hatatimiza hayo, basi asiihesabu ahadi hiyo kama sehemu ya thamani ya kozi. Kwake yeye, darasa lililorekodiwa pamoja na saa chache za mwalimu wa ana kwa ana ni bora kuliko ratiba ngumu ya jioni.

Uliza pia kama bei inajumuisha LawHub Advantage, yaani usajili wa mwaka unaofungua mitihani mingi ya zamani. Kampuni nyingi hazijumuishi, na bila usajili huo hufanyi maswali halisi ndani ya kozi zao. Kama kipato ni kidogo, omba kwanza msamaha wa ada wa LSAC. Ukikubaliwa, unapata mtihani bila malipo na LawHub Advantage humo humo, na zipo kampuni za kozi zinazompunguzia bei sana mwenye msamaha huo. Omba mapema, kabla hujajisajili kwa tarehe yoyote ya mtihani, maana ada uliyokwisha kulipa hairudishwi kwa sababu umesamehewa baadaye.