Barua kwa mwanangu: Dar na watoto wadogo, kwa laki sita

Marahaba mwanangu. Huku Iringa hatujambo, baridi imeshaanza na baba yako havui koti. Anakusalimu, na anawasalimu wajukuu.

Ujumbe wako nimeusoma vizuri. Unauliza kama laki sita inatosha kuwatoa watoto hapo Dodoma kuwapeleka Dar likizo ya Juni, kama mwende sasa au msubiri wakue kidogo, na kama mlale kwa shangazi yako Chanika ili muokoe pesa ya gesti. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu Dar naijua. Ninyi wote nimewalea pale Magomeni, na ninajua jinsi mji ule unavyommaliza mtu aliyekuja na watoto bila mpango.

Nendeni sasa. Wanaokwambia usubiri hawajapiga hesabu ya nauli. Kwenye treni ya SGR, ile mpya ya umeme, mtoto wa chini ya miaka minne halipi, na kuanzia minne hadi kumi na miwili analipa nusu. Dodoma hadi Dar kwa treni ya kawaida ni shilingi 31,000. Ninyi wawili ni 62,000, mkubwa wako ni 15,500, mdogo bure. Hiyo ni 77,500 kwenda, 155,000 kwenda na kurudi. Mdogo akishatimiza minne, hesabu inabadilika. Na kabla treni haijaanza kufika Dodoma, Julai 2024, ningekujibu vingine kabisa, maana kumpakata mtoto wa miaka mitatu kwenye basi kutwa nzima ni mateso kwake na kwako. Sasa ni mwendo wa saa nne hivi, mtoto anasimama, anakwenda chooni, analala.

Kateni tiketi mapema, msingoje siku mbili kabla, kwa sababu wakati wa likizo zinaisha haraka. Vitambulisho msivisahau. Mkipata kiti cha dirishani mpeni mkubwa. Na mwambieni kabisa kwamba mkifika milima ya Kilosa treni itaingia kwenye mahandaki, giza litakuja ghafla kisha mwanga utarudi. Akijua mapema hataogopa, atakaa akisubiri lingine.

Sasa suala la kulala, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana. Kwa wifi yangu Chanika hamtalipa gesti, ni kweli. Lakini piga picha asubuhi yenu. Mnaamka saa kumi na moja, mnatoka na watoto wenye usingizi, mnapanda gari limejaa, mnakaa kwenye foleni ya Gongo la Mboto, mnafika mjini jua limekwisha kuwa kali na watoto wameshachoka kabla hawajaona kitu. Mchana hawana pa kulala. Jioni foleni ile ile. Mtoto aliyechoka analia, anayelia ananunuliwa soda, kisha aiskrimu, kisha mnaita bajaji au teksi kwa sababu hamna nguvu tena ya kusubiri daladala. Pesa ya gesti mliyookoa imekwenda, na mtoto hakufurahi.

Chukueni gesti Magomeni au Kinondoni, karibu na kituo cha Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, kiasi cha kutembea kwa miguu mkiwa na mtoto mkononi. Chumba kisafi chenye feni na bafu ndani hukosi kwa elfu arobaini, na ukisema mtakaa usiku nne wanapunguza. Kabla hujalipa, ingia chumbani. Washa feni uone inazunguka. Fungua bomba uone maji yanatoka. Kishushe chandarua, kinyooshe kwa mikono miwili kuelekea dirishani kwenye mwanga, utaona matundu yote. Ukiyaona omba kingine, wala usione haya. Mbu wa Dar hawana mapumziko, na watoto wa Dodoma hawajawazoea.

Kwa shangazi lazima mwende, hilo halina mjadala. Mwende Jumapili, mshinde naye, mle naye, watoto wacheze na wenzao uani, na jioni mrudi. Mpelekeeni karanga na ubuyu wa huko kwenu, na sukari. Mimi nitampigia kabla nimweleze kwa nini hamlali kwake, ili lawama zikija zinifikie mimi, zisikufikie wewe. Kumtembelea kwa heshima mkiwa mmepumzika ni bora kuliko kumjazia nyumba siku tano mkiwa mnaingia usiku na kutoka alfajiri.

Kuhusu ratiba: kitu kimoja asubuhi, kulala mchana, kitu kimoja jioni. Basi. Nimeona ile orodha yako, ina mambo tisa kwa siku tatu, na nakuomba uipunguze bila huruma. Mtoto wa miaka mitatu ana saa tatu nzuri asubuhi na mbili nzuri jioni. Katikati hapo, kuanzia saa sita mpaka saa tisa, Dar ni joto na jasho hata Juni, na mahali pake ni kitandani chini ya feni. Ndiyo maana nasisitiza gesti iwe karibu.

Siku ya kwanza asubuhi wapeleke Kivukoni. Mnapanda Mwendokasi kutoka Magomeni, nauli 750 kwa mtu mzima, mnashuka mwisho wa njia kabisa, na pale pale kuna soko la samaki la Feri na kivuko cha kwenda Kigamboni. Msipande kabla ya saa tatu. Asubuhi mapema watu wanakwenda kazini, na mlango wa gari ukifunguliwa wanasukumana. Hata saa tatu ikishapita, ukiwa na mdogo usimbebe mgongoni, kwa sababu mgongoni humwoni na watu wanamkandamiza. Mtoe kitenge, umpakate kifuani, mkono mmoja nyuma ya kichwa chake, na baba yao amshike mkubwa mkono mbele yenu. Gari likija limejaa, liacheni. Linakuja jingine.

Kivukoni hakuna kiingilio. Watoto waliozaliwa bara watasimama pale waangalie meli kubwa zinavyopita kwenye lango jembamba la bandari, karibu kabisa, na hilo peke yake linatosha kwa nusu saa. Kisha pandeni kivuko. Nauli ni shilingi 200 kwa mtu mzima, safari ni ya dakika chache, na kwa mtoto ni meli kamili, yenye magari, baiskeli, wenye matenga ya kuku, na upepo wa bahari. Mkifika ng'ambo mnaweza kunywa madafu na kugeuza hapo hapo. Sisi wazazi tunadhani lazima twende mpaka ufukweni ndipo safari ihesabike. Mtoto kivuko chenyewe ndicho alichokijia.

Siku nyingine nendeni Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Raia analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Mkubwa wako anaanza shule, mweleze habari ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyefanana na binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na ambalo linatunzwa na makumbusho hayo. Mwambie ni la zamani kuliko babu wa babu yake, zaidi ya miaka milioni moja na nusu, atakuuliza maswali mpaka jioni. Mdogo yeye atapenda magari ya zamani ya viongozi. Saa moja na nusu, kisha bustanini mkapumzike kivulini, kisha mrudi kulala.

Kama mna nafasi ya siku ya tatu, kuna Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama. Mnapanda Mwendokasi mpaka kituo cha Morocco, mnaunganisha daladala. Ni uwanja wa wazi wenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, misonge na tembe, na mtoto anaruhusiwa kuinama aingie ndani aone mahali pa kulala na mahali pa kupikia. Kwa watoto wadogo mimi napapenda kuliko makumbusho ya mjini, kwa sababu hakuna anayewaambia wasikimbie. Wikendi mara nyingi kuna ngoma.

Jioni, Coco Beach. Hakuna kiingilio. Mihogo ya kukaanga kwa kachumbari, mishikaki, madafu, mnakula na kushiba kwa pesa ya kawaida. Nendeni siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili watu ni wengi mno na mtoto anapotea ukiwa unatoa chenji. Lakini bahari ina ratiba yake, na hili watu wa bara hawaambiwi. Ukifika muulize muuza madafu, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Yakipwa, mwamba unabaki wazi, wenye makali, watoto wavae ndala. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mawimbi yanakuja na nguvu, na hapo hata mtoto wa kushikwa mkono asiingie zaidi ya vifundo vya miguu. Jua pia kwamba muda unasogea kila siku kwa karibu saa nzima, kwa hiyo habari ya jana haikusaidii leo. Mmoja wenu akiwa anakula, mwingine macho yawe kwa watoto, na si kwenye simu.

Mbudya nimeiona kwenye orodha yako. Iache. Ni kisiwa kizuri, lakini Juni upepo wa kusi unavuma, boti linaruka, na mdogo wako hata boya la kumtosha si rahisi kulipata. Kisiwa hakihami.

Sabasaba umesema baba watoto anaitaka sana. Maonyesho hayo ya biashara yanaanza mwishoni mwa Juni na tarehe 7 Julai ndiyo kilele. Mweleze mkwe wangu kwa upole kwamba kipindi hicho gesti zinapanda bei na pale viwanjani barabara ya Kilwa ni umati na vumbi. Kwa watoto hawa wiki ya pili ya Juni ni bora zaidi. Masika yameisha, bonde la Jangwani halijafurika maji ya kusimamisha Mwendokasi, joto limepungua, na wageni wa Sabasaba hawajaja. Yeye Sabasaba aende siku nyingine peke yake, ataiona vizuri zaidi. Na Kariakoo vilevile, kama unataka vitambaa, nenda peke yako asubuhi, watoto wabaki na baba yao.

Chakula kisikutishe. Asubuhi chapati, vitumbua na chai pale jirani na gesti, kwa mama mwenye wateja wengi, maana chakula chake hakilali. Mchana wali maharage au wali samaki kwa mama lishe, watoto wagawane sahani moja. Tatizo ni vitu vidogo vidogo, maji, juisi, bisikuti, aiskrimu. Nunua dumu kubwa la maji uliweke chumbani, kila asubuhi jaza chupa zao. Toka Dodoma na karanga na bisikuti zako. Na mkubwa mpe elfu mbili kwa siku iwe yake, aamue mwenyewe. Akijua ni yake ataishika, na wewe utapumzika kuombwa kila kibanda.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: treni 155,000, gesti usiku nne 160,000, chakula tenga 175,000, nauli za mjini, viingilio na zawadi ya shangazi 60,000. Inabaki 50,000. Hiyo iweke kwenye simu ya mumeo, wala msiiguse mpaka mmeshuka Dodoma. Mtoto akipata homa usiku, ndiyo ya bajaji na hospitali. Bebeni panado ya watoto na pakiti mbili za ORS, na kila asubuhi kabla ya kutoka andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino mkononi mwa kila mtoto, juu kidogo ya kiganja. Mkubwa mfundishe pia jina lako kamili, kwa sababu akiulizwa mama yake ni nani atajibu "Mama".

Nguo zisizidi begi moja na mkoba wa mgongoni. Kila mtoto kofia. Shuka moja la kutoka nyumbani kwa ajili ya mdogo, hulala upesi kwenye harufu anayoijua.

Nipigie ukishajua tarehe, nizungumze na wifi yangu. Baba yako anasema atatuma elfu thelathini ya wajukuu, ameniambia nisikuambie, lakini nakuambia ili uiingize kwenye hesabu.

Mama yako