Kelele za shore kwenye mwembe si mkosi

Dada wa Kileleshwa, umeuliza kwa nini shore, wale ndege wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, hujazana kwenye mwembe wako saa kumi jioni wakipiga kelele, na kama ni mkosi jinsi jirani anavyosema. Mkosi hapana. Wanamzomea adui aliyetulia: paka, nyoka, au bundi aliyejificha kwenye majani. Sauti kali, fupi, inayorudiwarudiwa ni rahisi kujua inatoka wapi, na hilo ndilo lengo: wenzao waje, adui ajue ameonekana, achoke aende zake. Ndiyo maana utaona hata chozi na ndege wengine wadogo wakijiunga.

Adui akiwa angani mambo hugeuka. Ndege wengi wadogo hutoa mlio mwembamba wa juu, kama filimbi, ambao ni vigumu kujua umetoka wapi, kisha kimya.

Basi kesho usitazame shore tu, tazama wanakoelekeza midomo. Simama mbali kwanza, maana huenda ni nyoka kweli, na watoto wasiende chini ya mti. Ukiona nyoka usimpige. Ita watu wanaojua kumshika.

Yule ndege mwingine anayekuamsha alfajiri kwa "haa-haa-hadada" ni kwarara, habari nyingine kabisa. Huyo hulia hivyo akiondoka anakolala, na dawa yake sina. Ukitaka kujifunza zaidi, Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, huwa na matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi.