Dozi ya kwanza ipite kwenye katheta

Mgonjwa aliyenifundisha kazi hii alikuwa amevunjika kifundo cha mguu. Nilimwekea katheta, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dawa ya ganzi, kando ya neva ya siatiki, ile neva kubwa ya mguu, nyuma ya paja, juu kidogo ya goti. Nikapitisha dawa yote ya ganzi kwenye sindano, kisha nikaingiza katheta, nikaifunga vizuri, nikaunganisha pampu. Upasuaji ulikwenda salama, mguu ukiwa umekufa ganzi, nami nikaondoka nimeridhika. Saa nane usiku wodi ikanipigia simu: mgonjwa analia kwa maumivu, na pampu inasukuma dawa kama kawaida. Nilipoweka ultrasaundi nikaiona dawa ikiingia kwenye misuli, mbali na neva. Katheta haikuwahi kukaa mahali pake hata dakika moja. Ganzi ya mchana ilikuwa ya sindano, mimi nikadhani ni ya katheta.

Tangu usiku ule, kila ninayemfundisha namwomba jambo moja kabla ya mengine yote. Sindano itumie kufungua nafasi tu kando ya neva, kwa mililita chache za maji ya chumvi. Ingiza katheta, toa sindano, halafu dozi yenyewe ipitishe kwenye katheta huku ukitazama kioo cha mashine. Ukiona dawa inaizunguka neva, umefika. Ukiona inavimbisha misuli pembeni, hujafika, na bado una nafasi ya kurekebisha mgonjwa akiwa mbele yako. Kama unatumia pia kifaa cha kusisimua neva kwa umeme, fungua nafasi kwa dekstrosi ya asilimia 5 badala ya maji ya chumvi. Chumvi hupitisha umeme ukatawanyika, na misuli huacha kuitika hata ukiwa mahali sahihi.

Dozi hiyo usiisukume yote kwa mkupuo. Vuta kwanza uone kama damu inarudi, toa mililita 5, subiri, zungumza na mgonjwa, kisha endelea. Akisema masikio yanavuma, au mdomo unakufa ganzi, simama hapo hapo. Lipidi ya mshipani ya asilimia 20, yaani mafuta ya kutibu sumu ya dawa ya ganzi iliyoingia kwenye damu, iwe ndani ya chumba, na ujue kwa kichwa kwamba dozi ya kuanzia ni mililita 1.5 kwa kilo. Halafu pima ganzi kwa kitu cha baridi baada ya dakika 15 au 20. Siatiki ina matawi mawili: unyayo ni wa neva ya tibia, upande wa juu wa wayo ni wa neva ya peronea. Kimoja kikiwa na ganzi na kingine hakina, andika kwenye faili, wala usijifariji kwamba kitakuja chenyewe.

Wengi wanaoanza huingiza katheta ndefu kupita kiasi wakihofia itachomoka. Sentimita 3 hadi 5 kupita ncha ya sindano zinatosha. Ikizidi hapo hujikunja, ncha ikaenda usikokujua, na mara chache hujifunga fundo. Na kamwe usivute katheta kurudi nyuma ikiwa bado ndani ya sindano, maana ncha kali inaweza kuikata kipande kikabaki mwilini. Kama haipiti, toa vyote viwili pamoja, uanze upya.

Nyuma ya goti, usihangaike kuitafuta neva kubwa moja kwa moja. Anza kwenye mkunjo wa goti, tafuta ateri, uione neva ya tibia juu yake, karibu zaidi na ngozi, kisha panda polepole kuelekea paja mpaka neva ya peronea ije kuungana nayo. Mahali zinapokutana hutofautiana kati ya mtu na mtu. Neva ikififia, inamisha kichwa cha mashine kidogo kuelekea unyayoni, mara nyingi itang'aa. Mwombe mgonjwa achezeshe kifundo, utaona matawi mawili yakipishana. Katheta ikae ndani ya ala inayoyafunika matawi hayo mawili, si ndani ya neva yenyewe. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu, au dawa ikiwa ngumu kusukuma, acha kusukuma.

Kwenye kinena, kwa neva ya femora inayohudumia mbele ya paja, kosa la kawaida ni kubaki juu ya fashia iliaka, utando mgumu unaoifunika. Neva hiyo iko upande wa nje wa ateri, chini ya fashia hiyo, na dawa iliyomwagwa juu yake haifiki. Ila fikiria kwanza kama unaihitaji neva hiyo kweli. Inalegeza misuli ya mbele ya paja, na mgonjwa wa goti anayeamka kwenda chooni peke yake anaweza kuanguka. Kwa upasuaji wa goti mimi hupendelea mfereji wa adakta, njia ya neva kati ya misuli ya ndani, katikati ya paja, kwa sababu nguvu ya paja hubaki kwa kiasi kikubwa. Mgonjwa akilalamika maumivu nyuma ya goti, usiongeze kasi ya pampu: sehemu hiyo hupata neva kutoka siatiki pia.

Kufunga katheta ni kazi kamili, si mabaki ya kazi. Gundi ya ngozi pale katheta inapotokeza nje hupunguza kuvuja na kuchomoka. Andika sentimita zilizo kwenye ngozi, pitisha mrija mbali na mkanda wa kubana damu, na uubandike lebo inayosomeka ili asije mtu akachomeka dawa ya mshipani humo.

Mfupa wa muundi ukivunjika, zungumza na daktari wa upasuaji kabla ya kuweka chochote, mkubaliane nani atauangalia mguu na kila baada ya muda gani. Maumivu yanayopanda wakati katheta inafanya kazi vizuri ni ya kumwita yeye usiku huo huo, kwa hofu ya shinikizo kwenye misuli. Kuongeza dawa hapo ni kuficha hatari.

Kila asubuhi nenda mwenyewe. Tazama wekundu na usaha, inua kisigino uone kama ngozi inachubuka, hakikisha hakuna kinachoubana mguu upande wa nje chini ya goti, maana neva ya peronea hupita hapo juu ya mfupa na mgonjwa hawezi kuhisi. Siku ya kutoa, vuta taratibu. Ikigoma, badilisha mkao wa mguu, ujaribu tena bila nguvu. Ikitoka, itazame ncha yake, uhakikishe iko nzima, uandike hivyo kwenye faili.